Mbuzi wa Mjomba na Kitabu cha Nne

Goma, Jumapili jioni. Mvua ilianza wakati wa misa ya kwanza, ikakatika mchana, na sasa kuna ile baridi ya ziwani inayoingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Umeme upo, tushukuru. Mama yuko sebuleni na sinia lake la maharage. Mimi nimejifungia chumbani na simu, na nina hasira.

Nina hasira na msahihishaji wangu, na mjomba wangu, na mume wangu, na marehemu baba ambaye hawezi kujitetea. Naanza na hao. Kuna mwingine, nitamfikia, na huyo ndiye anayeniuma kweli.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, nieleze haraka. Huwa naandika riwaya za mapenzi ya zamani, zile za enzi za bibi zetu. Mfululizo wangu unaitwa Mapenzi ya Bariera. Wakati wa Wabelgiji, barabara ya kupanda mlima wa Kabasha kwenda Lubero na Butembo ilikuwa nyembamba, malori mawili hayakuweza kupishana. Kwa hiyo palikuwa na bariera, yaani kizuizi cha barabara, juu na nyingine chini. Wa kushuka walingoja wa kupanda wamalize, kisha zamu ikageuka. Watu walikaa hapo nusu siku, pengine siku nzima. Walipika, walifua, waligombana, walipendana. Kahindo wangu anauza ndizi na maharage kwenye bariera ya juu. Zakaria ni konvwayeri, yule kijana anayekaa juu ya mzigo na kuruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori likishindwa na mlima. Vitabu vitatu vimetoka. Cha nne ndicho cha mwisho, na leo sijui kama kitaandikwa.

Watu hudhani mwandishi hukaa mezani, dirisha wazi, anatazama mbali. Mimi kutwa niko kazini mtaa wa Ndosho, nyuma ya dirisha la chuma, napokea malipo katika duka la misumari, saruji na mabati. Naandika kwenye simu, kati ya mtu wa misumari na mtu wa saruji. Ile sura ambayo Kahindo anamkataa mtoto wa chifu, na ambayo wengi mmeniandikia kwamba iliwaliza, niliiandika huku wateja wawili wakigombea bati moja lililopinda.

Jumamosi naenda Mabanga kusukwa, na hapo ndipo kitabu kinapopimwa. Nawasomea wanawake wa saluni nilichoandika wiki hiyo. Mtu ambaye kichwa chake kimeshikwa na vidole vya msusi hawezi kuondoka, basi husema ukweli. Wakinyamaza, sura inabaki. Wakianza kuongea bei ya unga wa muhogo, naifuta. Wao ndio waliokataa Zakaria afe kwenye kitabu cha kwanza. Nilikuwa nimeshamwangusha bondeni pamoja na lori lake. Msusi aliacha nywele zangu nusu, akasema sitatoka na kichwa kile mpaka nimrudishe. Nikamrudisha. Ndiyo maana anachechemea kuanzia kitabu cha pili.

Lakini mbegu ilitoka kwa mama. Mama alizaliwa juu kule, Lubero, na siku moja akichambua maharage alinieleza kwamba shangazi yake aliuza ndizi kwenye bariera, akampenda konvwayeri, konvwayeri akashuka siku moja na hakupanda tena, shangazi akaolewa na mwalimu wa katekisimu. Basi. Akaendelea na maharage yake. Nikakasirika. Mapenzi ya mtu mzima yanaishaje hivyo, upesi kuliko maharage ya chakula kimoja? Nilianza kitabu cha kwanza kwa hasira hiyo, na sioni aibu kusema.

Kuna bwana mmoja wa parokia yetu ambaye kila akiniona huniuliza kwa nini siandiki vita. Anasema mtu wa Goma akiandika busu ni kama anacheza kwenye matanga. Nimemjibu mara nyingi. Vita vina waandishi wengi, na wengi wao wana gari. Shangazi ya mama hana hata mmoja. Bibi zetu walipenda, walichagua, walitoroka, walisubiri, na sisi wajukuu tunajua tu walikimbia wapi na mwaka gani. Hilo linanichoma kila siku.

Nirudi kwa kilichonileta.

Sijawahi kupanda lori la zamani. Sijui breki inanuka vipi ikichomeka, wala konvwayeri alifunga turubai kwa fundo gani. Hayo yote yametoka kwa mjomba. Mjomba Kasereka ni kaka mkubwa wa mama. Alianza kama konvwayeri akiwa bado hana ndevu, akawa dereva, halafu mfanyabiashara wa maharage na viazi mpaka magoti yalipomkatalia. Siku hizi anaishi Ndosho, kwa mtoto wake. Jumapili baada ya misa humpelekea sukari na majani ya chai, namwekea simu mezani, naye anaongea. Hasemi kwa utamu. Ananung'unika. Ananisahihisha. "Hapana, ile si kamba, ni munyororo. Weye unaandika kama mutu mwenye alizaliwa ndani ya taksi." Lakini mikono ya Zakaria ni mikono yake, na bila yeye bariera yangu ingekuwa fimbo tu iliyolala barabarani.

Na mjomba amenyamaza.

Ilianza kidogo kidogo tangu kitabu cha tatu kitoke. Jumapili moja kichwa kilimuuma. Nyingine alikuwa na usingizi. Nyingine aliniacha na simu yangu mezani, akatazama mvua mpaka nikaaga. Nikadhani ni uzee. Nikaanza hata kuogopa, nikamwambia mama tumpeleke hospitali. Mama alisema, "Mumuache."

Kisha Alhamisi ikaingia sauti kwenye simu yangu, ya mama mmoja wa Butembo ambaye sijawahi kumwona. Vitabu vyangu vinasafiri kwa simu, kurasa zikipigwa picha, maana barabara mnazijua. Nimeisikiliza mara nyingi, naikumbuka yote: "Mama Aline, tunakupenda, tunasoma bote hapa nyumbani. Lakini uko unatusumbua roho. Mbuzi ya mujomba iko wapi? Ile binti hajaolewa. Ile mutoto ya kitabu ya tatu ni ya nyumba ya baba ya Kahindo. Sasa Zakaria anapigania nini?"

Nilicheka. Nilidhani amesoma vibaya.

Niwaeleze wasio watu wetu. Kwetu Wanande mwanamke anaolewa kwa mbuzi, na mbuzi wana wenyewe. Kuna wa baba, wa mama, wa shangazi, wa wazee. Na kuna wa mjomba, kaka wa mama. Kwa ukoo wa mama yangu huyu huja mwisho, na si wa kuchezea. Mjomba akishamshika kamba, ndipo anakwenda mwenyewe kumfungulia binti mlango na kumwambia toka. Bila hilo, mtoto atakayezaliwa anaweza kudaiwa na kwao mama yake, na hakuna mzee atakayesimama upande wa baba. Kitabu cha tatu, ndoa ikishapita, chote ni Zakaria akimgombania mtoto wake mbele ya baba mkwe. Nimeandika machozi pale. Nimeandika mvua. Kama mbuzi wa mjomba hakutolewa, Zakaria ni mjinga anayepiga kelele kwenye boma la watu.

Lakini mimi nilimwandika yule mbuzi. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mama ndiye aliyenipa sura ile. Kwa kawaida mama hunijibu kwa maneno matatu. Siku ile aliacha sinia, akanieleza kila mbuzi na mwenyewe, na alipofika kwa wa mjomba akaenda polepole sana. Dume jeusi, mguu mmoja mweupe. Mjomba anamtazama, anageuka kana kwamba hamtaki, watu wote wanaacha kula, halafu anachukua kamba. Anafungua mlango. Niliandika kurasa mbili na sikubadilisha neno. Nilipozisoma Mabanga hakuna aliyetaja unga wa muhogo.

Nikafungua kitabu cha tatu kilichochapwa. Zakaria anafika na mbuzi, shangazi anapokea wake, na mstari unaofuata Kahindo amepanda lori, kitambaa kichwani, wanaelekea bariera.

Kurasa mbili hazipo.

Jana nilimfuata Justin. Justin ndiye anayesahihisha na kupanga vitabu pale ninapochapisha, kijana mtaratibu, alikaa seminari kidogo, nukta na mkato anazijua kuliko mimi. Hakukana. Alinitazama kama mtu aliyefanya wema na anasubiri ashukuriwe. "Kurasa mbili zilizidi," alisema. "Kitabu tunafunga kwa kurasa kumi na sita, kumi na sita, karatasi moja moja. Kwa kurasa mbili ingeomba kuongeza karatasi mzima na kila kitu kupanda bei. Nikatafuta fasi ya kupunguza. Niliona ile ni mambuzi tu, mapenzi haiko ndani."

Mapenzi hayamo ndani.

Sikumpiga. Nataka iandikwe mahali kwamba sikumpiga. Nilimwambia kwamba kijana anayetoka bondeni kwa miguu, anachechemea, anasukuma mbele yake mbuzi aliowafanyia kazi misimu kadhaa, kila mmoja na jina la mtu atakayempokea, ndiyo mapenzi yenyewe, na kwamba busu la mwisho wa kitabu ndilo angeweza kulikata, nisingegundua mpaka nife. Alishusha macho. Akasema tutaweka karatasi ya masahihisho ndani ya vitabu vilivyobaki. Vimebaki vichache. Vingine viko mikononi mwa wanawake wa Beni wanaoniona mtoto wa mjini aliyesahau kwao.

Basi leo baada ya misa nikaenda Ndosho na moyo mwepesi kidogo. Nilijua sasa kwa nini mjomba amenuna. Amesoma, au mkwewe amemsomea, ameona mbuzi wa mjomba hayupo, amechukia. Nitamweleza habari ya Justin, tutacheka, atanipa kitabu cha nne. Nahitaji kutoka kwake siku ambayo bariera iliachwa wazi bila mlinzi, wakati Wabelgiji walipoondoka. Alikuwepo. Wenzake wa malori wote wamezikwa. Kitabu kinaishia siku hiyo, na mimi sijui hata kama kulikuwa na jua.

Nilimkuta kibarazani na koti lake la mvua. Nikaweka sukari, nikaweka simu, nikaanza kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Mbuzi ya baba uliandika. Ya mama, ya shangazi, hata ya muzee kipofu uliandika. Ni ya mujomba tu njo ilikosa."

"Ni Justin, mujomba. Mimi niliandika."

"Nimesikia. Ile ya kitabu ni Justin. Na ile ya ndoa yako, ni Justin tena njo aliikata?"

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilimwambia Deo alitoa. Deo, mume wangu, baba yake Aline, alitoa kila kitu, nilikuwepo, nilisikia vigelegele.

"Deo alitoa ngombe," mjomba alisema.

Alisema bila ukali, ndiyo maana niliogopa. Deo ni mtu wa upande wa Bukavu, Mushi kwa kabila, kutoka Walungu, na kwao mwanamke anaolewa kwa ng'ombe. Wakaja na ng'ombe mzuri mwenye mimba, na baba yangu akafurahi mpaka akaimba. Lakini mbuzi wanagawanywa kila mmoja na mwenyewe. Ng'ombe mzima anakwenda kwa mtu mmoja. Huyu alikwenda kwa baba. Mjomba alikuwa bado Butembo, barabara ilikuwa mbaya wiki ile, hakufika. Mimi niliambiwa mambo yake yamepangwa. Nilikuwa bibi harusi, nilikuwa nafikiria viatu.

"Sikukuitisha kitu," alisema mjomba. "Na sasa sitaki mbuzi ya kunifunga kinywa ao ya kunifungua kinywa. Lakini mujomba njo anatosha binti, njo anamutoa ndani ya nyumba. Weye hakuna mutu alikutosha. Ulitoka tu."

Nikabaki na simu yangu inarekodi mvua.

"Nimekuwa nakueleza barabara hii miaka yote," akaendelea. "Nakueleza kama nani? Kama mujomba? Mujomba ya nani? Niliposikia ile kitabu, nikajisemea, tazama, mutoto ameweka mambo yake mbele ya watu. Anasema mbele ya bote kama mbuzi yangu si kitu. Sasa unaniambia ni kazi ya Justin. Basi. Lakini mbuzi njo bado haiko."

Hakunifukuza. Aliniita mtoto wangu wakati naaga. Alinirudishia hata simu niliyoisahau mezani. Lakini hakuniambia neno la kitabu cha nne, na nilijua hataniambia.

Njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa natafuta wa kumkasirikia. Mjomba kwanza. Miaka yote hii ananikunjia roho anakunywa chai yangu, si angesema? Kisha nikaona hapana, atasemaje? Mtu anaanzaje kudai aheshimiwe? Heshima ikidaiwa inakuwa deni tu. Nikahamia kwa Deo, na huyo nilimkuta nyumbani, kwa bahati yake mbaya.

Tulikuwa mezani, yeye, mama, Aline na mimi. Nikasema yote. Deo akacheka. Ni mtu mwema, fundi umeme, hupanda nguzo kwenye mvua ili watu wapate mwanga, lakini alicheka. "Mimi nilitoa ngombe. Muzima. Na ndama ndani yake. Kwetu ngombe ikiingia, maneno inaisha. Sasa muzee anadai mbuzi?" Na akauliza ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi wangapi, nikamwambia akithubutu kupiga hiyo hesabu mezani kwangu sufuria litakuwa kofia.

Aline alicheka. Deo naye. Mama hakucheka. Mama alisimama na kuanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Hapo ndipo nilipojua.

Nilimfuata jikoni. Sikumuuliza kwa adabu. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mteja aliyenipa noti mbovu. Mama alikuwa amenipa mgongo, anaosha sahani safi.

Alisema baba aliahidi. Ng'ombe akizaa, ndama atauzwa, mbuzi wa mjomba atanunuliwa na kupelekwa Butembo na watu wawili wa heshima. Ng'ombe akazaa. Mwezi ule mdogo wangu alifukuzwa shule kwa karo, ndama akaenda huko. Baba akasema wa pili. Wa pili akafa. Kisha baba mwenyewe akaanza kuumwa.

"Nilinyamaza juu baba yako alikuwa anaona haya," alisema. "Kisha alikufa, nikanyamaza juu nilikuwa nimezoea."

Nilimuuliza kama mjomba aliwahi kumuuliza. Akasema mara moja, siku ya mazishi ya baba, walipokuwa wawili tu. Mama alimjibu kwamba haikuwa siku ya jambo hilo. Mjomba hakurudia.

Ndugu wawili. Wamekaa mji mmoja, wanakutana kila Pasaka na kila Noeli, wanaulizana magoti na sukari ya damu, na katikati yao kuna mbuzi ambaye hajawahi kuwepo. Na mimi napita katikati na simu yangu, nawaomba wote wawili hadithi za mapenzi.

Halafu nikaelewa lingine, na hili ndilo lililonitoa jikoni nikaja kujifungia hapa. Zile kurasa mbili. Mama aliacha sinia kunisimulia, dume jeusi, mguu mweupe, mjomba anageuka, mjomba anachukua kamba. Nilidhani ananipa mila. Alikuwa ananipa kitu alichoshindwa kusema. Alikiweka kwenye kitabu changu akijua kaka yake atakisikia. Labda alidhani kaka yake atasikiliza kurasa zile na kuelewa kwamba dada yake hakusahau. Na Justin, kwa ajili ya karatasi, akazing'oa. Mjomba akasikia kinyume kabisa. Mama hawezi kusoma herufi ndogo zile, anasikiliza tu ninaposoma kutoka simu yangu, ambako mbuzi bado yupo. Kwa hiyo alikaa akingoja kaka yake alainike, na kaka yake akazidi kunyamaza, na kila mmoja akaamini amejibiwa.

Ningeweza kumhurumia. Nadhani nitamhurumia, wiki ijayo, au mwezi ujao. Leo sitaki. Leo nasema wazi: mama, ulinikosea. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto anayeanza kunishinda urefu, na umeniacha niende kwa mjomba Jumapili hadi Jumapili na sukari yangu kama mgeni asiyejua kwamba hakualikwa. Uliniacha niandike vitabu vitatu juu ya mwanamke aliyetolewa nyumbani kwa heshima, na mimi mwenyewe nilitoka tu. Nani mwingine anajua? Shangazi wanajua? Wanawake wa kwetu walioniletea vyombo harusini walijua, wakiimba?

Hasira ya baba siwezi kuimaliza, hana pa kuipokelea. Ya Justin imeshapoa. Hii ya mama ina joto bado.

Deo alikuja mlangoni muda si mrefu uliopita. Hakuwa anacheka. Amempigia kaka yake Walungu, wameongea kirefu kwa Kishi, lugha ya kwao, na sauti yake imebadilika. Kaka yake amemwambia kwamba hata kwao, mjomba wa binti asipopewa chake, watu hawalali. Deo anasema alidhani baba yangu ndiye atakayegawa, kwamba si kazi ya mkwe kuuliza ng'ombe amekatwaje. Ana haki. Sikumwambia ana haki. Anasema Jumamosi atakwenda kwa mjomba na mtu mmoja mzee wa kwao, bila mimi, na hatataja kitabu. Atakaa chini, atasema alikosea njia, ataomba. Mbuzi atatafutwa Kibati, kwa watu anaowajua. Nikamwambia mjomba anaweza kukataa. Akasema basi atarudi Jumamosi nyingine.

Kwa hiyo sijui. Mjomba anaweza kuchukua kamba. Anaweza kugeuka na asirudi. Na akichukua, si lazima aniambie siku bariera ilipobaki wazi. Sitaki hata aniambie kwa sababu ya mbuzi. Nataka aniambie kama mjomba. Haya ni mambo mawili tofauti, na nimeyajua leo, baada ya kuandika vitabu vitatu juu yake.

Nilikuwa nataka kufunga hapa. Lakini mama amebisha.

Amefungua mlango kidogo, hakuingia. Hakuniomba msamaha. Mama haombi, wala mimi sikutegemea. Alisimama na kanga yake mabegani, akatazama simu mkononi mwangu, akajua naandika.

"Ile kitabu ya ine," alisema. "Mama ya Kahindo umemuweka wapi?"

Nikamwambia sijamweka popote. Katika vitabu vyote mama ya Kahindo anapika tu na kulia.

"Umuweke. Mbuzi ya mujomba ilikosa, watu bote wamesoma, hauwezi tena kuirudisha. Basi usiseme ni kusahau. Na usiandike kama mama yake hakujuwa. Andika alijuwa."

Halafu amerudi kwenye maharage yake. Nayasikia yanavyogonga sinia.

Nimekaa na maneno hayo. Ana akili ya kitabu kuliko Justin, kuliko mimi. Kosa lililochapwa halifutiki, basi liwe jambo lililotokea kweli: mbuzi hakutolewa, mtu alijua, mtu akanyamaza, na Zakaria anapigania mtoto bila kujua ardhi aliyosimama si yake. Kitabu cha tatu hakiwi tena ujinga. Kinakuwa cha kutisha. Na cha nne kinajua pa kuanzia, mjomba aongee au asiongee.

Sikumshukuru. Bado nimemkasirikia, na nitalala nimemkasirikia. Kesho duka linafunguliwa mapema, na kabla mtu wa kwanza hajaniulizia misumari, naanza kitabu cha nne. Naanza na mama.